Meli sio gunia la lumbesa

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu. Nilikuwa nyumbani Tunduma likizo, na ukishafika nyumbani mambo ya kompyuta yanakufa yenyewe. Kuna shamba, kuna misiba, kuna wageni wa kutoka Vwawa na wa kutoka Nakonde, wote wanataka kumwona "msomi". Sasa nimerudi chuo. Mwenzangu wa chumba amelala, mvua inanyesha Dar, bumu halijaingia, kwa hiyo nina muda wa kutosha wa kubishana na watu kwa maandishi.

Wanaonifahamu wanajua nasomea uhandisi wa meli, na wanajua nimechekwa kiasi gani kwa sababu hiyo. Tunduma kuna bahari gani? "Utaunda meli ya kuvukia mpaka?" Mjomba wangu mmoja ndio salamu yake hiyo kila tukionana. Mimi huwa nacheka tu. Lakini safari hii nimerudi na jambo moyoni, na nikisema ukweli ni jambo la aibu yangu mwenyewe. Nitalifikia.

Nianze na Fuso. Waliopita Tunduma wanajua kwetu ni mji wa malori. Foleni ya kuingia Zambia unaweza kuifuata kwa mguu mpaka ukachoka. Sasa siku ya tatu toka nifike, Fuso moja iliyobeba mahindi ikalala ubavu karibu na mtaa wetu. Haikuwa mwendo kasi. Ilikuwa inakata kona taratibu kabisa, tairi la kushoto likaingia kwenye shimo, gari ikainama, ikasita kidogo kama inafikiria, halafu ikalala. Utingo aliyekuwa amekaa juu ya magunia akavunjika mkono. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyekufa.

Watu wakajaa. Na maneno yakaanza: "Mwendo ule mdogo, imepindukaje? Hapo kuna mkono wa mtu." Mzee mmoja akasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi naangalia yale magunia, yote lumbesa, kila moja limeshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mtu aliyejitwika mzigo, na yamepangwa kupita kimo cha bodi mara mbili. Nikasema moyoni, hapa hakuna mkono wa mtu. Hapa kuna kitovu cha uzito kilichopelekwa juu.

Ngoja nieleze, na mnivumilie, nitafupisha. Kila kitu kina sehemu moja ambayo ni kama uzito wake wote umekaa pale. Ndio kitovu cha uzito. Ukipakia chini kinakaa chini, ukipakia juu kinapanda. Gari ikiinama na kile kitovu kikatoka nje ya mstari wa matairi, imekwisha, hata ungekuwa na dereva bingwa.

Meli haina matairi, imekaa juu ya maji, na ndio maana watu wanadhani ni uchawi wa Wazungu. Nikiwa mdogo nilipelekwa na shule kuona kimondo kule Mbozi, kile chuma kilichoanguka kutoka angani. Wengine wanasema kina tani 12, wengine 16. Mwalimu akatuuliza, hiki ukikitupa Ziwa Rukwa kitaelea? Tukacheka wote. Lakini chuma cha tani elfu moja kikikunjwa kikawa bakuli, kinaelea. Sababu ni kwamba maji yanasukuma kwenda juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Kimondo kinasogeza maji kidogo, bakuli linasogeza mengi. Hiyo ni Archimedes, mliisoma sekondari mkaisahau.

Sasa meli ikiinama upande, ile sehemu iliyo ndani ya maji inabadilika umbo. Upande ulioinama unazama zaidi, kwa hiyo maji yanausukuma upande huo zaidi, meli inarudi wima. Ndio maana meli inayumba na kurudi. Wahenga wa mwambao walikuwa na neno lake, mrama. Sisi wa bara tunasema "mambo yameenda mrama" bila kujua tunazungumzia chombo. Meli nzuri huenda mrama ikarudi. Meli iliyopakiwa vibaya huenda mrama ikakaa hukohuko.

Kinachoamua kama itarudi ni umbali mdogo ambao darasani tunauita GM, yaani kutoka kitovu cha uzito mpaka nukta inayoitwa metasenta, ambayo inategemea umbo na upana wa chombo. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, meli inarudi. Kitovu cha uzito kikiipita metasenta, meli haisimami tena wima. Ni hivyo tu. Na umbali wenyewe mara nyingi hauzidi urefu wa mkono wako.

Hebu tupige hesabu, mimi nimeipiga mara nne nikidhani nimekosea. Chukua meli ya mfano, yenye uzito wa tani 500 pamoja na mzigo wake, GM yake sentimita 60. Ndani kuna magunia 500 ya kilo 100, yaani tani 50, yamewekwa chini tumboni. Abiria 100 wa kilo 60 kila mmoja, tani 6, wakihama wote mita 5 kwenda upande mmoja kuangalia gati, meli itainama kama digrii 6. Watu watashtuka, watacheka, basi.

Sasa chukua meli ileile, abiria walewale, magunia yaleyale. Ila safari hii magunia yamewekwa sitahani juu, mita 4 na nusu kutoka pale yalipokuwa, kwa sababu kuyashusha chini ni kazi na wapagazi wanadai hela. Kitovu cha uzito kinapanda sentimita 45. GM inabaki sentimita 15. Wale abiria 100 wakihama tena mita zilezile 5, kwa hesabu ya makadirio meli inainama kama digrii 22. Kwa mwinamo huo gunia halikai tena. Yanaporomoka yote kwenda upande ule ule, na kilichobaki mnakijua.

Umeona? Uzito haujaongezeka hata kilo moja. Idadi ya watu ni ileile. Karani wa bandarini angehesabu angesema safi kabisa. Ndio hoja yangu ya leo: sisi tukisikia ajali ya meli tunauliza swali moja tu, "walijaza wangapi?" Ni swali zuri, lakini ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni "walipakia wapi?" Hiyo nusu sijawahi kusikia mtu anaiuliza kijiweni.

Na ile nusu ya kwanza nayo tumeshindwa. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, iliruhusiwa abiria 430. Daraja la tatu hata orodha ya majina haikuwepo, kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua kwa uhakika walikufa wangapi, makadirio ni mamia mengi, wengi husema 800 au zaidi. MV Spice Islander I, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, iliruhusiwa abiria wapatao 600, na tume iliyoundwa ikaja kusema ndani mlikuwa na watu zaidi ya 2,400. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, iliruhusiwa abiria 101, wakafa zaidi ya 220, ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamebeba mahindi, saruji, ndoo, na wakati wa kukaribia gati kila mtu anasogea upande wa kushukia. Rudi kwenye hesabu yangu hapo juu, usome tena.

Kuna watu huniambia, kama tatizo ni hilo basi meli za Wazungu hazizami. Zinazama sana. Sweden walikuwa na meli ya vita inaitwa Vasa, fahari ya mfalme, mizinga imejaa juu. Kabla haijaondoka, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie kutoka upande huu kwenda upande ule kuijaribu. Ikayumba mpaka jaribio likasimamishwa kwa kuogopa itazama hapohapo. Mnajua wakafanya nini? Wakanyamaza. Tarehe 10 Agosti 1628 ikatweka matanga, ikaenda kama mita 1,300, upepo kidogo ukaipiga, ikazama mbele ya watu wa Stockholm. Waliojua walikuwepo. Kumwambia mfalme ndio ilikuwa kazi.

Kuna jambo la pili, maji yanayocheza. Jaza pipa nusu uliweke nyuma ya pikapu, ukate kona, utaona pipa linavyotaka kuvuta gari. Ndio maana yale matangi ya mafuta yanayokwenda Zambia yana kuta ndani. Meli ikiingiza maji yakatandaa kwenye sitaha pana isiyo na kuta, hayahitaji kuwa mengi. Yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea. Ferry ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, tarehe 6 Machi 1987 ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia sitaha ya magari, ikalala ubavu ndani ya dakika chache. Watu 193 wakafa. Kwa hiyo ukiona maji yanacheza ndani ya chombo na nahodha anasema "kawaida hiyo", jua si kawaida.

La tatu ni nguvu ya bodi. Chombo kikipandwa na wimbi katikati, omo na tezi zinaning'inia, mgongo unapinda kwenda juu. Wimbi likishika omo na tezi, tumbo linaning'inia katikati. Juu, chini, juu, chini, maelfu ya mara kila safari, kama unavyokunja waya mpaka unakatika. Meli kubwa ya makontena, MOL Comfort, Juni 2013 ilikatika vipande viwili kwenye Bahari ya Hindi ikitoka Singapore kwenda Jeddah. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Kwetu Tunduma mafundi wanarefusha chesisi za Fuso kwa kuchomelea, na zinatembea. Ila mtu akichukua boti ya zamani akaiongezea ghorofa juu kwa mtindo huohuo, ameharibu vitu viwili kwa mpigo. Amepandisha kitovu cha uzito, na ameuongezea mkuku na mataruma kazi ambayo aliyeviunda hakuipigia hesabu.

Haya, sasa aibu yangu.

Mama mdogo wangu ni mfanyabiashara. Ananunua mchele Kyela, anaupeleka vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, anarudi na dagaa. Mwaka jana alinichukua nikamsaidie kubeba. Tulipanda boti ya mbao, sitaji ya wapi wala ya nani. Nilipofika nikaona ukingo wa boti umebaki kama shibiri moja juu ya maji. Magunia yapo juu, yakiwemo yetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyaweka juu, kwa mikono yangu, maana mama mdogo alitaka yasilowe na yatangulie kushuka. Nilikuwa nimeshafanya mtihani wa somo la uthabiti wa meli muhula huo. Nilipata B.

Sikusema kitu. Niliona aibu. Nilifikiri wataniambia, "huyu kaka wa Dar anajifanya kujua ziwa kuliko sisi tuliozaliwa hapa." Ule upepo wanaouita mwera ulianza kuvuma tukiwa katikati, boti ikawa inainama inachelewa kurudi. Wenye kusoma wenzangu mnajua maana ya kuchelewa kurudi. Boti yenye GM nzuri inarudi haraka, kwa kishindo. Boti inayoyumba polepole, laini, kama inabembeleza mtoto, ndiyo ya kuogopa. Abiria mmoja akasema, "leo boti imetulia kweli." Mimi nilikuwa nahesabu watoto. Walikuwa kumi na mmoja.

Tulifika salama. Na hapo ndipo penye ubaya. Tukifika salama tunasema "si tulifika?" Wiki inayofuata wanaongeza magunia matano, wanafika, wanasema "si tulifika?" Ni lumbesa ileile, kila mtu anaongeza debe moja juu kwa sababu la jana halikupasua gunia. Siku likipasuka tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni mtu wa kanisani, kwa hiyo nasema kwa heshima: Mungu tunamsingizia.

Likizo hii nilimwomba msamaha mama mdogo. Akashangaa, msamaha wa nini? Nikachukua beseni la maji, kopo la siagi na mawe. Nikaweka mawe chini ya kopo, nikalisukuma, likarudi. Nikaweka kibao juu ya kopo, mawe yaleyale juu ya kibao, nikaligusa tu kwa kidole. Likapinduka, mawe yakazama. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema maneno ambayo yamenifanya niandike haya yote.

"Mwanangu, nimekuelewa. Ila boti ni hiyo moja. Nisipopanda, ada ya wadogo zako utalipa wewe kwa hilo beseni?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina jibu zuri. Maana ni rahisi sisi wa chuo kusema "abiria wakatae kupanda." Abiria akikataa, mchele unaoza, gulio linapita, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada. Mtu wa Ukara aliyepanda MV Nyerere siku ya gulio hakuwa mjinga. Alikuwa anarudi nyumbani na chombo ndicho hicho. Anayesema ni ujinga wa abiria aje asubiri boti na magunia mawili jua likizama.

Lakini sikubali pia kwamba hakuna la kufanya mpaka serikali ilete meli nyingine. Meli zinaletwa, haki tuseme. Hapo Kyela zimejengwa MV Njombe na MV Ruvuma za mizigo, tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II ya abiria 200 na mizigo tani 200. Tunataka zaidi, na tunataka zifike vijiji vidogo. Ila hata ikija meli kubwa kiasi gani, tukipanga mzigo kama tunavyopanga Fuso, tutaizamisha tu, tena na watu wengi zaidi.

Kwa hiyo mimi nasema mambo matatu, na yote hayahitaji mfadhili.

Kwanza, mzigo mzito uwe chini na ufungwe. Gharama yake ni jasho la wapagazi na kamba. Wazee wa majahazi walilijua hili kabla ya chuo chetu kujengwa. Chombo kikiwa kitupu walikitia farumi, mawe na mchanga tumboni, ili kisiende mrama. Kama walikuwa wanalipia uzito wa bure kukaa chini, sisi tunashindwaje kuweka chini uzito tunaolipiwa nauli?

Pili, mstari. Waingereza walikuwa na meli walizoziita majeneza, wenye meli wanazijaza kupita kiasi, wakizama wanalipwa bima. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, akapiga kelele mpaka sheria ikapita mwaka 1876, kila meli ichorwe alama ubavuni, maji yakivuka hapo haiondoki. Meli kubwa zinayo mpaka leo. Naomba kila boti ya abiria, hata ya mbao, ichorwe mstari mwekundu mpana unaoonekana kutoka ufukweni. Mama mdogo hajui kupiga hesabu ya GM na hana haja. Lakini mstari ukizama anauona, na akiuona yeye wanauona wote, hakuna tena cha "kaka wa Dar anajifanya kujua."

Tatu, tuache kunyamaza. Hili najiambia mwenyewe kwanza. Pale Stockholm walinyamaza kwa kumwogopa mfalme. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa na watu ambao wala nisingewaona tena.

Kuna kitu kimoja cha MV Bukoba huwa kinanirudia usiku. Ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na watu waliokuwa ndani walikuwa wanagonga. Waliokuja kuokoa wakatoboa bodi ili wawatoe. Hewa ikatoka, na hewa ndiyo iliyokuwa inaishikilia juu, meli ikashuka na waliokuwa wanagonga. Wale waokoaji walikuwa na nia njema kabisa. Kilichokosekana pale ni mtu wa kusema "subirini kwanza" akasikilizwa. Mwaka 2018 fundi mmoja wa MV Nyerere alitolewa hai siku mbili baada ya ajali, alikuwa kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Hewa ileile.

Mama mdogo anasafiri tena wiki ijayo. Jana nimempigia. Anasema ameongea na wapagazi, magunia yake manane yatakaa chini, atawaongezea hela kidogo. Ya wengine hajui. Nikamwambia amwonyeshe mwenye boti lile kopo. Akacheka, akasema mwenye boti atamwona amerukwa na akili. Halafu akasema atalibeba.

Basi wadau, ndio hivyo. Wa pwani na wa maziwa makuu mnaojua zaidi yangu nisahihisheni, mnajua sina hasira. Kesho nina jaribio la mwendo wa maji na sijafungua daftari.

Tuko pamoja.